Mdogo Wetu Aliyelala Kibanjani

Mwanangu alirudi kutoka Rubwera akisema anataka kung'oa migomba ya zamani upande wa juu wa kibanja ili apande kahawa. Nilimwomba asubiri. Upande huo amezikwa mdogo wetu aliyekufa akiwa mchanga, nami sikujua ni wapi hasa, maana wakati huo nilikuwa mdogo mno. Aliyejua alikuwa dada yangu peke yake, na siku hizi kumbukumbu zake huja na kuondoka.

Tukamleta kutoka ng'ambo ya kilima kwa bodaboda. Tukamketisha sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Mjukuu wangu akaweka simu mezani imrekodi.

"Shikamoo bibi. Tusimulie mambo ya zamani."

Dada akasimama, akakaza kitenge chake.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina," tukaitika wote.

Akatoa ushuhuda: jinsi alivyookoka, jinsi Mungu alivyomponya mguu. Akamaliza, akaketi, akaomba chai. Kwetu mtu mzima akiwekwa mbele ya watu walionyamaza, anajua anatakiwa kushuhudia. Baada ya miaka yote niliyoongoza ibada, ningetegemea nini kingine?

Dada hawezi kukaa bure. Baada ya chai alikwenda jikoni, akavuta mkungu na kuanza kumenya ndizi. Nikachukua kisu, nikakaa karibu naye.

"Angalia unavyomenya!" akacheka. "Nusu ya ndizi unawapa mbuzi. Mama angekuchapa."

"Mama hakunichapa mimi. Alikuchapa wewe."

"Kwa makosa yako!"

Tukaendelea kumenya. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusema kwa Kinyambo. Siku aliyokufa mdogo wetu, yeye alikuwa anamenya hivihivi, mama amempakata mtoto karibu na moto. Mtoto alipoanza kuhema kwa shida, baba alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kunywa, maana kanisa lilikuwa mbali. Hilo sikuwahi kulisikia. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaendelea na ndizi yangu.

"Baba alipochimba, mimi nilishika mche wa mulamula," akasema.

Mulamula ndio mti tunaopanda penye mipaka na makaburi. Lakini kibanjani kwetu imejaa.

"Ni upi, dada?"

"Si ule mnaofungia mbuzi?"

Mjukuu wangu alikuwa ameketi mlangoni. Simu ilikuwa imebaki sebuleni. Mkononi alikuwa na kisu na ndizi iliyomenywa nusu. Alimtazama baba yake aliyesimama nyuma yetu, na mwanangu akatoka kwenda kufungua mbuzi.

Tuliomba pale kwa maneno machache. Dada alishika shina la mti, akauliza kama ndizi zimeshaiva.

Kahawa ilipandwa mvua zilipoanza. Mistari yake imenyooka, isipokuwa inapofika kwenye mulamula ule. Hapo inapinda, inauzunguka, kisha inaendelea.