Kumtaja Marehemu

Miezi mitatu ilikuwa haijaisha tangu nimzike mume wangu, fundi cherehani aliyekuwa akizunguka minada ya Bunda na Butiama, nilipoacha kuuza samaki wa kukausha nikaingia mafunzo ya ukunga hospitali ya Musoma. Wenzangu wote walikuwa wasichana, wakaniita Bibi. Niliwaacha waseme, nilikuwa nimezaa, wao bado.

Siku moja mwalimu wetu, mkunga hodari lakini naye binti ambaye hajazaa, alinichukua kwenye lori la hospitali twende Butiama kupima wajawazito. Kabla hatujamaliza tukaitwa kwenye boma moja kule Mwitongo, kwa mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kuuziba mlango.

"Huyu hajazaa, abaki nje," akasema, akimwonyesha mwalimu wangu kwa kidevu. "Wewe mama, ingia."

Ndani nilimkuta mwanamke kijana, uchungu umemshika tangu jana. Halii. Mzazi anayepiga kelele simwogopi hata kidogo, lakini huyu aliyenyamaza alinitia baridi. Nilipompapasa tumbo, mtoto alikuwa amelala kwa kukingama. Nikamweleza mwalimu aliyebaki nje, kupitia ukuta.

"Akibaki humo watakufa wote wawili, mama," akanijibu polepole. "Mtoe sasa hivi."

"Hatoki," akasema mama mkwe. "Mtoto hatokagi kama mama yake ameficha mwanamume. Amtaje kwanza."

Nilisihi, nikakaripia, nikasihi tena. Hakusogeza hata kidole cha mguu. Wala hakuwa katili. Aliamini hiyo ndiyo njia ya kumwokoa mjukuu wake. Mzazi naye alijua akimtaja mtu wa pale kijijini, panga litatoka kabla ya jua kuzama. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanapungua. Hofu ikanishika, nikamwinamia sikioni.

"Mwanangu, taja marehemu yeyote. Marehemu hakatwi panga."

Alinitazama. Kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, akalitaja jina la mume wangu, na kazi yake, fundi cherehani wa mnadani.

Mama mkwe akakunja miguu. Tukambeba mzazi hadi kwenye lori.

Njia nzima nilijituliza kwamba alilishika jina la kwanza lililomjia. Fundi wa mnadani nani asiyemjua? Hata hivyo nilikasirika, nikamfunika khanga bila kumtazama usoni. Tulipokaribia Musoma akanishika mkono.

"Ahsante, mama," akasema. "Nilikuwa naogopa kufa nimemsingizia mtu. Yule sikumsingizia."

Jioni ile daktari alimpasua, akamtoa mtoto akiwa hai. Bila kugeuka, akanyoosha mikono kumkabidhi mwanafunzi aliyesimama karibu. Aliyesimama karibu nilikuwa mimi.