Ziara ya Subukia Isiyo na Picha

Ninyi mliobaki Nakuru mmeuliza sana kwenye grupu yetu ya akina mama: picha ziko wapi? Nitawajibu, ila acheni nianze mwanzo. Mwenzetu Wanjiru, aliyerudi Subukia baada ya kufiwa na mumewe, alianguka akavunjika mkono. Kila asubuhi tulimtumia maombi kwa simu, tukaona tumemaliza. Kisha mchungaji akahubiri juu ya upendo usio na unafiki, nami nikatoka kanisani bila raha. Mwenyekiti wetu, Mama Faith, akakata shauri: "Twende tumpelekee unga na sukari, tuombe, tupige picha, turudi mapema."

Jumamosi asubuhi tuliondoka wawili, yeye nami, kwa gari lake, tumevaa vitenge vya sare, maana Mama Faith bila sare haendi popote. Tulipopita mji wa Bahati kulikuwa na ukungu. Mbele kidogo barabara ikaanza kuteremka, na bonde la Subukia likatokea, mahindi huku, kahawa kule. Niliimba njia nzima, na Mama Faith akanivumilia.

Kufika kwa Wanjiru, tulimkuta shambani. Mkono mmoja ulikuwa na plasta, mwingine ulikuwa unachuma kahawa. Kahawa yote ilikuwa imeiva kwa pamoja, na matunda mengine yalishaanza kudondoka.

"Aki Wanjiru, si ungetuambia?" nikasema.

"Ningewaambia nini? Majirani wote wako kwa kahawa yao. Hii ikianguka, mwaka wangu umeenda hivyo."

Mama Faith alikuwa tayari ametoa simu. "Kwanza simama hapa na unga, tupige moja ya grupu."

Wanjiru alimtazama kwa upole. "Unga nashukuru, Mama Faith. Lakini picha inaweza kungoja. Kahawa ikichumwa leo, lazima ifike factory leo."

Niliogopa, kwa kuwa mwenyekiti wetu hajazoea kukataliwa. Akarudisha simu mkobani, akavua kilemba na kujifunga nacho kiunoni. "Ndoo zingine ziko wapi?"

Mchana kutwa tulichuma. Mimi mtoto wa lami, niliyekulia mjini, nilivuta kila kilichokuwa tawini. Tulipomwaga juu ya gunia ili kuchagua, Wanjiru alicheka mpaka akaushika mkono wake mgonjwa. "Hizi za kijani ulidhani ni embe mbichi za kula na pilipili?" Ikabidi nichambue moja moja, huku Mama Faith akiomba kwa sauti ili nipewe macho.

Jioni, baada ya kupeleka magunia kiwandani, Wanjiru alitupikia chai kwa mkono mmoja na kukataa kusaidiwa. "Maombi yenu nilikuwa nikiyasoma kwa simu kila siku," alisema. "Leo yamekuja na miguu." Mama Faith alilia, nami nikalia. Sioni aibu kuwaambia.

Tulirudi Nakuru giza likiingia, vitenge vina madoa, mgongo unauma, moyo umetulia. Nimejifunza kwamba mtu unayempenda humuulizi tu hali. Unauliza pia kazi iliyomshinda, na ukijibiwa unakunja mikono ya nguo.

Kwa hiyo picha hakuna. Hakuna aliyekuwa na mkono mtupu wa kushika simu. Ila mistari ya kahawa ya upande wa juu wa shamba imeiva na bado haijachumwa, na Jumatatu gari la Mama Faith lina nafasi. Sare acheni nyumbani. Kila mtu aje na ndoo.