Mbuzi wa Filamu ya Tatu

Nilicheza filamu tatu za kutisha mjini Butembo, miaka ya vita, na katika mbili za kwanza nilikufa vizuri. Watoto wangu hawaamini. Wao wanadhani mwigizaji ni mtu mwenye kucha ndefu. Wananiuliza kwa nini basi hakuna anayenijua njiani, nami nawajibu kwamba ninajulikana sana, ila ni kwenye barabara moja tu, na nusu ya watu wake walishahama.

Kazi yenyewe sikuitafuta. Mpiga picha wa arusi wa mtaa wetu alikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kuwekwa begani, na waasi walipoushika mji watu wakaanza kuoana kimya kimya, bila video. Kamera ikakaa, lakini mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Akaamua kutengeneza filamu. Alichagua za kutisha kwa sababu, alisema, mzimu hana gharama: shuka moja na unga wa muhogo usoni. Mimi alinichagua kwa kipaji ambacho mpaka leo sijui kama ni cha kujivunia. Naweza kukaa muda mrefu bila kupepesa macho. Aligundua alipokuwa anatazama kanda ya arusi ya binamu yangu, akaniona mstari wa pili kanisani, nimekodoa macho tangu bibi arusi alipoingia mpaka baraka ya mwisho.

Katika filamu ya kwanza nilitakiwa kutoka ndani ya mto Kimemi polepole, kwa heshima ya wafu. Nilitoka mbio, maana maji ya Butembo asubuhi hayana utani. Katika ya pili nilikuwa mke wa mwalimu, nikalishwa sumu, nikafa macho wazi, na macho yakaendelea kumfuata muuaji kila alikokwenda. Zilionyeshwa kwenye chumba cha mbao, na jenereta ilipiga kelele hata hakuna aliyesikia nilichosema. Hilo lilinisaidia. Kesho yake muuza maharagwe sokoni aliniomba niweke pesa chini, nisimpe mkononi. Nilitembea kichwa juu wiki nzima.

Kaseti zilikwenda mpaka Beni, juu ya malori ya mboga. Huko, kwenye mtaa wa Mulekera, kijana mmoja muuza sabuni na chumvi aliniona nikitoka mtoni, akacheka. Alicheka peke yake, chumba kizima kikiwa kimeshika mioyo, wakamtoa nje kwa kuwaharibia watu woga wao. Safari yake iliyofuata ya kuja Butembo kununua sabuni, akauliza mtaani mzimu anakaa wapi. Wakamleta mpaka kwetu. Mimi nilikuwa uani nachambua maharagwe, kitambaa kichwani, miguu na matope.

“Ni weye muzimu?” akasema. “Nilizani uko murefu.”

“Na weye ni nani?”

“Miye njo ule alicheka.”

Sikuwa na sababu yoyote ya kumpenda mtu aliyecheka sanaa yangu. Nilimpenda hata hivyo, na haraka. Mwaka haukwisha akaniambia kwamba wazee wake watapanda kutoka Beni kuja kuniposa, barabara ikitulia.

Hapa ni lazima nimtaje baba mkubwa. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na kaka yake ndiye aliyenilea. Yeye alikuwa mdomo wa ukoo: kila posa na kila msiba wa kwetu, maneno aliyasema yeye, amesimama, kofia mkononi. Kwake neno likishasemwa mahali pake limesemwa. Huwezi kulirudisha kwa kusema ulikuwa unatania. Mwaka ule alikuwa amemzika kijana wake, aliyeuawa kwenye njia ya Manguredjipa, na maneno ya kumuaga aliyasema mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeyajua. Baada ya hapo nyumbani alikuwa haongei sana.

Sasa, filamu ya tatu. Safari hii nilikuwa msichana anayetolewa mahari leo, anakufa kesho, kisha anarudi usiku kumdai mume wake. Mume wangu wa filamu alikuwa fundi cherehani wa barabara ya pili, mwanamume mpole mwenye mke na watoto wanne, ambaye hata tulipokuwa tunatazamana kwa mahaba alinipima mabega kwa macho. Wazee wa posa waliigizwa na waimbaji wa kwaya. Mpiga picha alinunua mbuzi wawili wa kweli, kwa kuwa waigizaji wake walizoea kulishwa kuliko kulipwa.

Baba mkubwa alikuja tu kuangalia kama nimevaa vizuri. Alikaa pembeni, akawatazama waimbaji wakisoma maneno ya posa kwenye karatasi, na nikaona taya lake linaanza kucheza. Mwishoni akashindwa, akainuka.

“Munasema nini? Hivi njo banatoaka mali ya bibi arusi? Leta ile kiti.”

Akamwondoa mwimbaji kwenye kigoda, akakaa yeye. Mpiga picha alifurahi kama aliyeokota kamera ya pili. Kabla ya kuanza, baba mkubwa aliinua kidole, akaanza na “mais” yake, yaani lakini.

“Mais mujue, miye hapana semaka uongo mbele ya mbuzi.”

Tukacheka. Tulidhani ni utani, tukafurahi kwamba anatania tena. Kisha akaanza kazi, na kazi ilikula nusu ya kaseti. Alimkataa mbuzi mmoja kwa sababu anakohoa, na mpiga picha akalazimika kukimbia kutafuta mwingine. Aliuliza ukoo wa fundi unatoka kilima gani. Aliwataja wazee wetu waliolala. Mwisho akapokea kamba mkononi, akamkabidhi mjomba wangu kama inavyotakiwa, na pombe ya ndizi ikazunguka. Mbuzi wakachinjwa, shangazi akapewa paja lake, tukala. Mimi mwenyewe nilikula sahani mbili.

Kesho yake nilipaswa kufa. Lakini asubuhi walikuja askari wanne wa waasi, wakasema komanda wao ana gwaride na anataka kamera. “Noki, noki,” wakasema, yaani upesi. Mpiga picha hakubishana. Kamera ikaondoka na kaseti ndani yake, nami nikabaki nimeposwa na sijafa.

Hakuna aliyewaza kitu. Wiki mbili baadaye barabara ikatulia, na wazee wa muuza sabuni wakapanda naye kutoka Beni. Walifika wamechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mbuzi wao wenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe, nimevaa kitenge kipya, nasikiliza. Baba mkubwa aliwakaribisha, akawauliza habari za njia, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Bazee, mumetuheshimu sana. Mais huyu mutoto iko na bwana.”

Mtu mmoja alicheka. Baba mkubwa hakucheka. Akaeleza kila kitu bila kuficha: maneno yalisemwa, kamba ilishikwa, mbuzi walikwisha tumboni. Mjomba akasema lakini ile ilikuwa cinéma. Baba mkubwa akamuuliza kama na nyama aliyokula ilikuwa ya cinéma.

Habari ikamfikia mke wa fundi kabla ya jua kutua. Alikuja uani kwetu, mikono kiunoni.

“Eti niko na muke mwenzangu? Wa cinéma? Atalala wapi, ndani ya télé?”

Fundi alikuwa nyuma yake, anasema yuko tayari kunirudisha hata sasa hivi. Lakini baba mkubwa alikuwa ameshalifikiria hilo pia. Ndoa inavunjika kwa njia mbili, alisema. Ya kwanza ni kurudisha mbuzi. Sasa ukoo wetu utamrudishia nani? Fundi hakutoa mbuzi, na mpiga picha hakuoa. Njia ya pili ni mwanamke kufa.

Niliweka sinia chini, nikatoka nyuma ya mlango. Sijawahi kuongea mbele ya wazee kabla ya siku ile.

“Baba, lakini miye ninakufaka. Ndani ya ile filamu, kesho yake ninakufa. Sikufa tu sababu ya komanda.”

Baba mkubwa alinitazama, akatazama mbuzi wa wageni, akanitazama tena.

“Bon,” akasema. “Basi ufe. Mais ufe muzuri, na matanga yake, na bazee baone.”

Mzee wa Beni, baba wa mchumba wangu, alikuwa mtu wa subira lakini si ya milele. Alisema watarudi baada ya kuvuna kahawa. Wakikuta bado nina bwana, watapiga hodi kwenye mlango mwingine, maana kijana wao hawezi kuzeeka akisubiri mke wa watu afariki. Muuza sabuni aliponiaga getini hakucheka. Hapo nikaogopa kweli.

Nilingoja kamera kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote. Kila gari la jeshi likipita nilitoka kutazama. Kahawa ikaanza kuwa nyekundu. Kamera ilirudi baada ya miezi miwili na nusu, na betri yake imechoka: inashika dakika kumi tu, kisha inazimika. Mpiga picha alisema tutaona kati yangu na betri nani atatangulia.

Wazee wa Beni wakaja, safari hii na mama wa mchumba, wakakalishwa kwenye benchi. Wanawake wa mtaa wakaitwa kulia. Hawakuhitaji kufundishwa, miaka ile kila mmoja alikuwa na wa kwake wa kumlilia. Nikalala juu ya mkeka, shuka mpaka kidevuni, macho nimefumba. Kipaji changu hakikuwa na kazi siku hiyo. Nilijisemea: kufa vizuri, mara hii tu, usirudi.

Baba mkubwa akasimama. Nilisikia akivua kofia, maana wote walinyamaza.

“Huyu mutoto wetu,” akaanza, akakwama. Akakohoa. “Huyu mutoto wetu ambaye…”

“Baba, betri,” mpiga picha akanong’ona.

“Hapana.”

“Baba, dakika mbili tu.”

“Hapana! Hii maneno nilisema juu ya baba yake huyu. Nilisema juu ya kijana yangu. Juu ya huyu, hapana sema. Iko anapumua, miye namuona anapumua.”

Wanawake waliacha kulia. Nilitaka kufungua macho, sikuthubutu. Nilijua kwamba asiposema, mimi nabaki mke wa fundi, na benchi la Beni litainuka na kwenda zake. Nikasikia miguu yake ikigeuka upande wa wageni. Nilipomsikia tena, sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia hivyo.

“Bazee,” akasema. “Kama miye hapana weza kusema amekufa, sababu ni uongo, basi na ile siku ingine ilikuwa uongo. Nilisema uongo mbele ya mbuzi. Miye muzee muzima. Huyu mutoto hana bwana. Mumuchukue, mais mumuchukue akiwa muzima.”

Mzee wa Beni aliinuka kwenye benchi, akaenda kumshika mikono yote miwili. “Wasingya,” akamshukuru kwa Kinande. “Wasingya sana, muzee.” Hapo ndipo mpiga picha aliponikaripia kutoka nyuma ya kamera yake: “Na weye! Maiti hapana liaka! Umeniharibia picha!” Taa nyekundu ikazimika.

Filamu ile haikumalizika. Kaseti ninayo hapa Mulekera, imechakaa: kwanza posa ndefu na mbuzi anayekohoa, kisha gwaride la komanda, kisha mimi juu ya mkeka. Mpiga picha alisema kweli, maiti analia, machozi yanaingia masikioni. Mume wangu anacheka kila mara, ila akifika pale baba mkubwa anapovua kofia ananyamaza.

Baba mkubwa amekufa sasa, kwa uzee, kitandani kwake, bahati ambayo wengi wa kwetu hawakuipata. Hakuna aliyekuwa ameyashika maneno yake yote ya kuaga wafu. Siku ya kumzika yalisomwa na binamu yangu mmoja, kwenye karatasi, tena kwa kurukaruka mistari. Nilisimama mbele kabisa, karibu na sanduku lake lililokuwa bado wazi. Nilimkodolea macho baba mkubwa bila kupepesa, mpaka karatasi ikaisha, nikingoja ainuke na kuuliza munasema nini.