Oili ya Kumwachia Ndama

Harufu ya oili chafu inanikera mpaka leo. Siyo kwamba ni mbaya. Inakaribia ile ya sufuria iliyounguzwa ikasahauliwa jikoni, na nawajua watu wanaoipenda. Jumamosi iliyopita nilikuwa chini ya gari langu hapa Bweri, Musoma, nimefungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili nyeusi inatiririka kwenye beseni, na ile harufu ikanipanda puani. Nikajikuta nimekunja uso na kusema kwa sauti, “Baba, iache imwagike yote!” Baba mwenyewe alikuwa sebuleni na chai yake, wala hakunisikia.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, baba yangu alinunua gari la mbio. Siwatanii. Mtu mwenye duka la saruji na mabati, watoto wanne na kitambi, akanunua gari la bluu lenye turbo, limekaa chini chini, boneti ina tundu kubwa kama pua ya ng'ombe, na likiwashwa kuku wa majirani wanatawanyika. Mtaa wetu ulikuwa na mawe kiasi kwamba lilitambaa taratibu kuliko mikokoteni. Ili alipate, aliuza ng'ombe wote walioachwa na babu kule Butiama, zizi zima, kwa mzee mmoja jirani wa Bibi. Bibi, mama yake baba, aliridhia kwa sharti moja tu. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, sisi wajukuu alituona kama vivuli, na siku madaktari wa macho watakapokuja Musoma alitaka apelekwe. Baba akaapa kumpeleka mwenyewe, kwenye kiti cha mbele.

Fundi wa gari hilo aliitwa Mafuru na alitoka Bunda, kwa sababu baba hakumwamini fundi yeyote wa Musoma. Mafuru alitufundisha mara moja, polepole, akitutazama mmoja mmoja. Injini yenye turbo haitaki mchezo na oili. Asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare, vuta dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, ifute kwa kitambaa, irudishe, ivute tena, ndipo usome. Kuna alama mbili, na oili ikae kati yake. Siku ya kubadilisha, mwaga yote, funga filta mpya, mimina lita nne. Kazi ya dipstiki nikapewa mimi, maana baba alisahau miwani kila siku na kaka zangu walisahau kila kitu.

Madaktari wakaja, kwa siku tatu. Siku ya kwanza baba alisubiri mzigo wa saruji. Jioni yake akaamua kwamba gari haliwezi kumbeba mama yake likiwa na oili ya zamani, akajilaza chini na spana. Oili ikatoka kwa nguvu, ikaanza kupungua, na ilipokuwa bado inatiririka unene wa kidole nikamwona anapapasa mchangani kutafuta nati. Akaifunga.

“Baba, bado inatoka!”

“Naona.”

“Fundi alisema yote.”

“Huyo fundi alishawahi kuchunga? Ukikamua unaachaga kidogo, Wegesa. Ya ndama.”

Mungu anisamehe, nilichungulia chini ya gari kutafuta ndama. Kwao baba, anayekamua humwachia ndama sehemu yake, na anayekamua mpaka mwisho husemwa kijiji kizima. Baba alijua hilo kabla hajajua kusoma. Sina ugomvi na desturi hiyo hata kidogo, ila gari halizai. Kisha akachukua dumu jipya na kumimina lita nne kamili, kwa kuwa fundi alisema nne. Alimtii fundi na akamtii babu, wote wawili ndani ya injini moja.

Kesho yake, saruji ikiwa bado haijafika, dipstiki ikaniambia mambo. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

“Imezidi, Baba.”

“Imeshiba.”

Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, nikasoma tena, nikamwonyesha mpaka puani. “Bado imezidi.”

“Wewe mtoto, mtu akishiba unamtapishaga?”

Nilitamani kulia kwa hasira. Sikujua bado kwamba oili ikizidi injini huipiga mpaka ikatoa povu, na turbo ikaanza kuila. Nilijua tu kwamba alama imewekwa, tumeivuka, na Bibi ndiye atakayekaa mbele.

Butiama tulifika salama. Bibi alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani, akaketi, akapapasa kila kitu mbele yake kwa viganja. Tulipoiacha nyumba yake kidogo tu, baba akakanyaga mafuta kwa nguvu ili mama yake asikie turbo. Alisikia. Nyuma yetu ukatoka moshi mzito wenye ubluu, mwendesha baiskeli aliyetufuata akamezwa mzima, yeye na gunia lake la mihogo.

“Nani anachoma majani?” Bibi akauliza.

Gari likakohoa na kuzimika. Nilisema imezidi! Nilisema jana, nikasema na asubuhi ile. Baba alifungua boneti akasimama akitazama, na mimi nikatazama jua, kwa sababu tuliambiwa orodha ya hospitali inafungwa saa sita. Bodaboda ikapita, baba akakataa katakata: mama yake hapandi pikipiki. Badala yake akamtuma yule mwenye baiskeli kijijini kuomba maksai wa kulivuta gari.

Wakaja wawili na nira yao. Bibi alikuwa amekaa mlango wazi, akainua pua. Akanyoosha mkono, dume moja likasogea lenyewe, akalipapasa pembe iliyopinda kuelekea sikioni.

“Hii ni Redio,” akasema. “Hii ng'ombe ni yetu.”

Alikuwa Redio kweli, mmoja wa wale waliouzwa, tuliyempa jina hilo kwa kelele zake za alfajiri. Baba akainama kufunga mnyororo kwenye gari, akakaa huko chini muda mrefu mno. Nikawaza kwamba hata mnyororo unamshinda. Uvumilivu ukaniishia. Nikasimamisha bodaboda iliyofuata, nikampandisha Bibi katikati, nikamkumbatia kwa nyuma, tukaondoka. Tulifika muuguzi akiwa anafunga daftari. Nililia mbele yake bila aibu mpaka akalifungua. Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. La pili wakasema safari ijayo.

Bandeji ilipotoka alikuwa kwetu Bweri, na Mafuru alikuwa amekuja kutoka Bunda kuliangalia gari, lililokwisha kuvutwa mpaka uani. Bibi akaomba kuliona. Akalizunguka lote, akatazama ile bluu, akainama kwa shida.

“Mnaikamuliaga wapi?”

Tukacheka wote isipokuwa baba. Mafuru akamwonyesha nati, akaifungua. Oili ikatoka na mapovu yake, ikawa uzi mwembamba, na hapo nikauona mkono wa baba ukiifuata nati. Bibi akaushika kifundoni.

“Iache iishe, mwanangu. Hii haina ndama.”

Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani Bibi ameniamulia kesi yangu na baba, nikatembea mtaani wiki nzima na ushindi huo. Ilinichukua miaka, mpaka mimi mwenyewe nilipouza kiwanja alichonipa Bibi, kuelewa kwamba hakuwa anazungumzia oili. Baba aliwauza ng'ombe wale kwa siku moja na hakuingia tena kwenye lile zizi. Mkono wake ulikuwa bado unawabakizia ndama maziwa. Kumwambia kwamba wameisha, hakuna aliyethubutu ila mama yake. Na mimi, mjuzi wa dipstiki, nilisimama pale nikicheka.

Jumamosi ile nilisubiri mpaka tone la mwisho. Baba akatoka na kikombe chake, akachungulia kwenye beseni.

“Imeisha?”

“Imeisha, Baba.”

Akainama, akaniokotea nati, akanipa.