Mstari Niliounyoosha

Kompyuta ilipoletwa ofisini kwetu Kitui, ilikuja imefungwa blanketi kama mgonjwa, kwa sababu mkubwa wangu aliogopa vumbi la barabara. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa mradi mdogo wa maji, vyumba viwili nyuma ya soko, na kazi yetu ilikuwa kutunza pampu za mkono zilizokuwa vijijini, upande wa Tulia. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, msichana wa kutoka Tawa, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuigusa ile mashine, nilitumwa Nairobi wiki moja kujifunza.

Nilirudi na kijitabu kimoja na majivuno mengi. Nilikuwa nimefundishwa programu ya majedwali: kioo cheusi chenye visanduku vya maandishi ya kijani, na ndani ya kila kisanduku unaandika nambari. Kilichonivutia zaidi ni grafu. Ulibonyeza alama ya mkwaju, kile kistari kilichoinama, menyu ikajipanga juu ya kioo, ukaionyesha mashine nambari zimeanzia wapi na kuishia wapi, kisha ukachagua kama unataka mistari, nguzo, au duara lililokatwa vipande kama chapati. Kitufe cha mwisho kikibonyezwa, nambari zote zilitoweka na mchoro ukatokea. Mara ya kwanza mkubwa wangu alipouona aliita walinzi na mpishi waje watazame.

Nambari zenyewe zilitoka vijijini. Kila pampu ilikuwa na mtunzaji, na kila asubuhi mtunzaji alihesabu amesukuma mkono wa pampu mara ngapi mpaka mtungi wa lita ishirini ujae. Pampu yenye afya ilijaza mtungi kwa mara arobaini hivi. Mwisho wa mwezi watunzaji walileta madaftari yao ofisini, nami nikaingiza wastani wa mwezi wa kila pampu kwenye jedwali. Kila pampu ilikuwa na mstari wake kwenye grafu.

Mtunzaji wa pampu ya nne alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye mwanya. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru kanisani kwao, na nambari zake alikuwa akiziandika kubwa kubwa, kila moja ikikaa katikati ya mstari wake. Daftari alilibeba ndani ya kiondo, limefungwa kwa mfuko wa unga lisipate jasho. Aliliweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Angalia kama nimeandika vizuri, mwalimu," alikuwa akisema.

Mimi nilikuwa na umri wa binti yake. Lakini aliniita mwalimu, na sikumkataza.

Mwaka ule kiangazi kilipoanza kukaza, nambari zake zilianza kupanda. Arobaini na mbili, kisha hamsini, kisha hamsini na nane. Mwezi wa nne tangu hapo akaleta sabini.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo kwetu tunavyomwita mama mwenye umri ule, "ulihesabu sawasawa?"

"Nimehesabu mara mbili kila siku. Mkono wa pampu umekuwa mwepesi, kama unasukuma hewa. Mwambie fundi aje."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Siwezi kusema nilisahau. Fundi alikuwa akipita mlangoni kwangu kila asubuhi na tulikuwa tunasalimiana. Ukweli ni kwamba sikumwamini yule mama. Nilifikiri huenda anaruka nambari anapohesabu, huenda sabini yake ni arobaini iliyopotea njia. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari na wiki moja ya Nairobi, yeye alikuwa na ngumbaru.

Wageni waliokuwa wakitoa msaada kwa mradi walikuwa wanakuja wiki ile. Mkubwa wangu alitaka grafu ya pampu zote iwe ukurasa wa kwanza wa ripoti. Niliichora, akasimama nyuma ya kiti changu. Mistari yote ilikwenda imelala vizuri, ila mmoja ulipanda kama njia ya kwenda kilimani. Na kwa sababu mashine hupanga vipimo vyake yenyewe kufuata nambari kubwa kuliko zote, mstari huo uliifinya mingine yote chini, ikarundikana kama nyuzi.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni pampu ya nne, mzee."

"Imeharibika?"

Swali lile nimelijibu upya mara nyingi moyoni. Siku ile nilisema, "Sidhani. Yule mama alisomea ngumbaru. Nambari zinamchanganya."

"Basi rekebisha. Wageni wakianza kuuliza mstari mmoja, hawataiangalia mingine."

Hakuniambia nirekebishe vipi. Niliyofanya niliyafanya mwenyewe. Nilirudi kwenye jedwali, nikafuta hamsini, nikafuta hamsini na nane, nikafuta sabini, na kila mahali nikaandika arobaini na mbili. Nikachora tena. Mstari ukalala. Lakini ulikuwa umelala mno, ukaonekana wa uongo, kwa hiyo nikarudi nikaongeza moja hapa, nikapunguza moja pale, mpaka ukatikisika kidogo kama mistari ya kweli. Kisha nikaandika kichwa cha mchoro, nikaweka majina ya miezi chini, nikachagua kila mstari uwe na alama yake, mmoja nyota, mwingine kisanduku. Printa ilipiga kelele karibu robo saa. Nilipozichana zile kingo za karatasi zenye matundu, nilijisikia fundi hodari.

Wageni waliusifu mchoro. Mkubwa wangu akasema, "Ni huyu msichana wetu aliyeuchora," na mmoja wao akanipa mkono. Nilifurahi siku ile. Siwezi kuificha furaha hiyo sasa kwa kuwa najua kilichofuata.

Wiki iliyofuata mkubwa wangu aliniita niandike barua kwa kamati ya maji ya kijiji kile. Akasema, nami nikapiga chapa: mtunzaji wa pampu ya nne abadilishwe, apatikane mtu anayejua kuandika nambari. Vidole vyangu vilisita kwenye kibodi.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna, mzee."

Nikamaliza barua, nikaikunja, nikaibandika stempu.

Mwezi uliofuata alikuja mtunzaji mpya, mkaza mwana wa mwenyekiti wa kamati, na daftari jipya. Kila siku alikuwa ameandika arobaini. Jumatatu arobaini, Jumapili arobaini. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma pampu angejua kwamba hakuna aliyehesabu. Mimi niliziingiza zote. Grafu ilipendeza.

Karibu na mwisho wa kiangazi habari zikaja kwamba pampu ya nne haitoi hata tone. Nilipanda pikapu ya ofisi pamoja na fundi, nikisingizia kwamba nakwenda kuandika ripoti. Alipofungua kichwa cha pampu na kuanza kuvuta mabomba, vipande viwili tu ndivyo vilivyotoka. Akakaa chini juu ya saruji, akapangusa mikono.

"Bomba limeliwa na kutu likakatika. Mengine yote yameanguka chini pamoja na vyuma vya rodi vilivyomo ndani," akasema. "Hii ilikuwa inavuja miezi mingi. Nani alikuwa anahesabu hapa? Mngeniita mapema ningebadilisha bomba moja, nikarudi nyumbani kabla ya chakula."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Sikuandika kitu.

Kuyavua mabomba yale kulihitaji mashine ambayo hatukuwa nayo, na ilichukua miezi kupatikana. Wakati huo wote wanawake wa pale walirudi kwenye mto wa mchanga, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, kuchimba mashimo na kuchota kwa kikombe. Siku ile ile fundi alipoifungua pampu, nilimwona yule mama akipanda kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kichwani. Alitusalimia vizuri. Nami nikamwitikia, nikapanda gari.

Nilikaa na jambo hilo kama wiki mbili. Kanisani sikuweza kuimba. Hatimaye Jumamosi moja nilikwenda peke yangu mpaka nyumbani kwake, nikamkuta anapepeta pojo. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mwaitu, nambari zako zilikuwa sahihi. Ni mimi niliyezibadilisha kwenye mashine. Na ni mimi niliyesema hujui kuandika."

Aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka mara kadhaa.

"Nilidhani ni yule mkubwa wenu," akasema mwishowe. "Wewe nilikuwa nakutetea."

Aliingia ndani, akatoka na daftari lake lililofungwa kwa mfuko wa unga. Nilipolifungua niliona hakuacha kuhesabu. Walimnyang'anya kazi lakini hakuna aliyemkataza kuteka maji, na kila asubuhi alihesabu mtungi wake mwenyewe akaandika. Sabini na sita. Themanini na tisa. Mia na kumi. Siku ya mwisho alikuwa ameandika: hakuna.

"Kwa nini uliendelea?" nikamwuliza.

"Nilitaka kujua kama ni mimi ninayekosea," akasema.

Nililiazima daftari. Ofisini nikaziingiza nambari zake zote, nikachora mstari mmoja peke yake, na safari hii sikugusa kitu. Ulipanda mpaka ukingo wa juu wa karatasi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kamati ya maji ilikutana kanisani, nami niliomba nafasi. Nilisimama mbele yao nikauinua mchoro wote wauone, nikaeleza kwa Kikamba kila nukta ilikuwa mwezi gani, na nani aliihesabu, na nani aliifuta. Mzee mmoja alinung'unika kwamba vitoto vya ofisi vitawaua kwa kiu. Mwenyekiti alikuwa anatazama sakafu. Wakamwomba yule mama, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, arudi kazini pampu itakapotengenezwa.

"Hapana," akasema. "Huyu mliyemweka ni kijana, aendelee. Lakini kesho aje nimfundishe kuhesabu."

Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu. Alisikiliza huku akisaini karatasi. Nilitarajia kufukuzwa, na nadhani nilitaka kufukuzwa. Akaniambia ripoti ilishakwenda, kuirudisha kungeleta maswali kwa mradi mzima, na kwamba mimi bado ni mdogo, nitajifunza.

"Ulikuwa mchoro tu," akasema.

Nilifanya kazi pale miaka kadhaa zaidi. Ripoti ile ilibaki kwenye kabati la chuma, na mstari wangu ndani yake, umelala vizuri kabisa. Mara mbili niliitoa nikataka kuichana, mara mbili nikairudisha. Kuichana kungekuwa kufuta mara ya pili.

Kila Desemba nikitoka Kitui kwenda nyumbani Tawa, nilipitia kwanza kwa yule mama na sukari na majani ya chai. Alinipokea, akapika chai, akaniuliza habari za wazazi, akanieleza ni mbuzi gani amezaa. Hakuniita mwalimu tena. Aliniita mwanangu, kama alivyoita kila msichana aliyepita njia ile. Kuhusu pampu hakusema neno, wala hakuwahi kusema kwamba amenisamehe. Niliondoka kila mara na mahindi au maboga aliyonilazimisha nibebe, mzigo mzito kuliko ule niliokuja nao, nikaubeba mpaka barabarani bila kupumzika.