Sahani Iliyoondolewa Mapema

Ukialikwa kwa dada yangu, kula haraka. Nakuambia hivi kwa wema. Ukinyanyuka tu kwenda kuitikia hodi mlangoni, ukirudi sahani yako haipo: imeshaoshwa, imefutwa, imesimamishwa kabatini inakutazama. Si dada yangu anayefanya hivyo, ni binti yake, na alianza angali hajafikia kimo cha meza. Mimi mtu mzima, fundi wa mafriji ninayeheshimika, nimewahi kupokonywa paja la kuku nililolibakiza makusudi, kama wafanyavyo watu wenye akili. Nilipolalamika, mtoto akanitazama kwa huruma. "Mjomba, nilidhani umemaliza." Dada yangu akacheka, nami nikacheka, japo ndani kwa ndani sikucheka sana.

Mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima, na kazini kwake wanamwita Mpasuaji. Usiogope, hapasui watu. Anapasua programu zilizokufa. Programu ikianguka ghafla huacha mabaki, yaani picha ya vyote vilivyokuwa kichwani mwake ilipokata roho. Mpwa wangu huyaingiza mabaki hayo kwenye chombo wanachokiita dibaga, akasoma nyayo: nani aliitwa na nani, akamwita nani, mpaka pale mguu ulipoteleza. Nimemwona akiifanya kazi hiyo, na nilielewa karibu yote. Yaliyobaki ni madogo madogo.

Kampuni yao husafirisha majibu ya vipimo kutoka maabara hadi zahanati. Mwuguzi anafungua kompyuta, jibu la mgonjwa liko pale, hakuna wa kutumwa na bahasha. Programu inayofanya hayo iliandikwa na kijana mmoja mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekaa meza moja na mpwa wangu. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma mabaki alipoanza kazi. Waliitana kaka na dada na kutaniana kutwa. Mimi nilishaanza kumfikiria kwa mambo ya posa, bila kutumwa na mtu, na nilipodokeza, mpwa wangu akanitishia kuniondolea sahani mkono ukiwa bado ndani.

Kijana huyo walimpachika jina la Ngoja. Si kwamba alikuwa mzito. Alipenda mtindo wa kuandika programu unaoitwa korutini. Usikimbie, nitaeleza mimi, na nikieleza mimi hata mbuzi huelewa. Chukua karakana yangu. Friji ikihitaji kifaa ambacho sina, naagiza. Je, nitakaa kuitolea macho barabara? Naikunja kazi ile, naisukuma pembeni na vitu vyake vyote, nashika friji nyingine. Kifaa kikifika naendelea palepale nilipoishia. Ndivyo ilivyokuwa programu ya Ngoja. Kazi inayosubiri jibu la maabara haikai mezani kuwazuia wenzake. Inakunjwa, inawekwa ghalani, inalala; sanduku lake la kupokelea majibu linabaki nje likiingoja. Jibu likija, yuko mwamshaji: anaitoa, anaikunjua mezani, inaendelea. Mezani yupo mmoja tu. Ghalani wamelala kundi zima. Nilimwambia mpwa wangu kwamba jamaa ameniiba ujuzi. Akasema dunia nzima hufanya hivyo. Mimi bado naona nilianza.

Sasa sikiliza jambo moja, maana hadithi yote imekalia hapo. Mabaki ya programu, ukiyahifadhi yote, yaani meza pamoja na ghala, ni mzigo. Yanajaza diski za kampuni. Mpwa wangu hapendi kitu kijae. Akaweka amri: programu ikifa, hifadhini meza peke yake, ghala liachwe lipotee. Mambo yakawa mepesi, diski zikapumua, na Ngoja aliyekaa ubavuni mwake akamsifia usafi wake.

Ndipo programu ikaanza kuanguka. Inakwenda vizuri, halafu chini, puu. Wagonjwa wanakaa kwenye mabenchi, wauguzi wanasema majibu hayajafika, simu zinalia ofisini kama watoto wa shule wakati wa kutoka. Zahanati moja ikajitoa. Bosi wao, mama mwembamba anayening'iniza miwani shingoni, akaitisha kikao. Alitaka jina.

Mimi nilikuwepo. Sikualikwa, nilikuwepo kwa ufundi: friji ya chumba chao cha chai ilikuwa haipoozi, na mpwa wangu alikuwa amenipigia debe. Chumba cha chai na chumba cha kikao vimetenganishwa na ubao ambao hata kikohozi hauzuii. Nilikuwa nimelala chali nyuma ya friji, bisibisi mdomoni, nikasikia kila neno. Na friji ile, nikukumbushe, inapooza hadi leo.

Bosi aliuliza programu imeangukia wapi.

"Kwenye kazi ya Ngoja," mpwa wangu akajibu. "Nyayo hizi hapa. Mwamshaji ameiamsha, ikanyoosha mkono kuchukua sanduku la majibu, ikaanguka."

Hakusema uongo. Nyayo ndivyo zilivyosema, na kila ilipoanguka zilisema hivyohivyo.

"Huyo ni aliyeanguka," Ngoja akasema, kwa sauti yake ileile ya chini. "Nionyeshe waliolala."

"Hawamo."

"Hawamo vipi, dada?"

"Mabaki ni ya meza tu. Ghala halikuhifadhiwa."

"Nani alisema lisihifadhiwe?"

Nikatoa bisibisi mdomoni. Nilijua jibu, maana mpwa wangu alishanisimulia kwa majivuno jinsi alivyozipunguzia diski uzito. Nilimsubiri aseme neno moja fupi, *mimi*. Nilisikia kalamu ikibonyezwa na kuachiwa, ikabonyezwa tena. Kisha bosi akasema kwamba mambo ya diski si ya leo, zahanati zinataka kujua tumefanya nini. Kikao kikasonga mbele, nafasi ile ikapita. Ngoja hakuuliza mara ya pili. Angeweza kumtaja, alikuwa amekaa ubavuni mwake siku amri ile ilipowekwa. Hakumtaja.

Akaachishwa kazi wiki hiyohiyo. Aliondoka na begi lake la mgongoni na kusahau kikombe chake mezani, chai ikiwa nusu. Mpwa wangu akakiosha, akakifuta, akakiweka kabatini.

Akaletwa fundi mpya, msemaji kunishinda mimi, jambo ambalo si rahisi. Akaifumua kazi ya Ngoja yote na kuiandika upya kwa mbwembwe. Programu ikatulia kidogo, halafu chini, palepale, sanduku lilelile. Bosi akaanza kumtazama yule msemaji kwa jicho alilomtazamia Ngoja. Hapo mpwa wangu akasimama. Aliomba asiguswe mtu. Akaifuta amri yake mwenyewe, akaagiza kwamba safari ijayo meza na ghala vyote vihifadhiwe, hata kama diski zitapasuka.

Ilipoanguka tena, mabaki yalikuwa mazito hadi kompyuta ikawa inayafungua huku inaguna. Na dibaga, ukiiuliza nyayo kwa njia ya kawaida, bado inakupa za mezani peke yake: mwamshaji na yule aliyeanguka, basi. Ghala limo ndani, lakini haijui kulipitia. Ikambidi aiandikie maelekezo, hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mgeni mjini. Ingia ghalani. Kila unayemkuta amelala, muulize ameishia wapi, anamngoja nani, na nani anamngoja yeye. Fuata mnyororo hadi wa kwanza. Halafu rudi kwa anayefuata. Maelekezo yalikuwa yakikwama, anayarekebisha, yanakwama mbele zaidi. Kula akawa anasahau. Dada yangu alinipigia simu akishangaa: mtoto ameacha sahani mezani, tena ya kwake mwenyewe.

Mchana mmoja jua likiwa kali kwenye kioo cha dirisha, maelekezo yakapita yote. Waliolala wakajipanga kwenye skrini, kila mmoja na mnyororo wake. Akatafuta nani mwingine aliyeligusa sanduku lile. Akamkuta. Amelala wima, sanduku mkononi.

Kazi hiyo iliitwa fagia. Iliandikwa iwe ya usafi: sanduku lililokwisha kazi litupwe, nafasi ipatikane. Na sheria yake ilikuwa fupi. Sanduku likikaa muda bila kuguswa, mwenyewe amemaliza, liondoe. Sasa kulikuwa na maabara moja ya polepole. Kazi ya Ngoja ilikuwa ikiingoja, imelala ghalani kwa amani, sanduku lake limeachwa palepale. Fagia ikapita, ikaliona limetulia, ikalibeba, kisha yenyewe ikalala ikisubiri kuthibitishiwa kwamba limefutwa. Jibu la maabara likaja. Mwamshaji akaiamsha kazi ya Ngoja. Ikanyoosha mkono, sanduku halipo.

Fagia aliiandika mpwa wangu.

Alikuja karakana kwangu jioni, akaketi juu ya friji iliyokufa, akanieleza yote hayo huku akichora vumbini kwa ncha ya kiatu. Nami kwa ulimi wangu usiojua msiba na harusi, nikamwambia, "Ndivyo ulivyolifanya paja langu la kuku." Nilitaka acheke. Aliinamisha kichwa magotini, na mabega yakaanza kutikisika. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu hana hata mtoto, na mjukuu ameshafika, amekaa pale juu ya friji pamoja naye.

Kilichokuwa kikimkata maini, aliniambia alipotulia, hakikuwa fagia. Kila anayeandika programu hukosea, Ngoja mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Ni lile swali. Angesema ni yeye aliyeamua ghala lisihifadhiwe, angeomba wasubiri anguko moja zaidi, basi. Alikuwa na neno mdomoni, akawa analipanga vizuri, na alipolipanga wakawa wameshavuka.

Kesho yake alimweleza bosi kila kitu, fagia pamoja na ule ukimya. Yule mama, simsingizii, alivua miwani akaiweka mezani. Kisha akamwambia amfuate Ngoja, nafasi yake ipo, na jina lake litasafishwa mbele ya wote.

Nilimsindikiza. Msemaji mmoja katika msafara hakosi faida. Tulimkuta upande wa pili wa mji, chuo kidogo, anafundisha watu wazima kompyuta. Alinipa shikamoo yangu kamili, akatupeleka chumba cha walimu, akatumiminia chai, naye akajimiminia. Alikuwa amepungua kidogo, au shati lilikuwa kubwa.

Mpwa wangu hakuzunguka. Alimwambia fagia ilivyokuwa, na sanduku, na maabara ya polepole. Ngoja alisikiliza akikizungusha kikombe. Halafu akauliza jambo nisilolitarajia.

"Ghalani ulipitaje?"

Akamchorea kwa kidole juu ya meza. Ngoja akasogea karibu, macho yakawaka. "Ulianzia kwa anayengoja au kwa anayengojwa?"

"Kwa anayengoja."

"Mimi ningeanzia kwa anayengojwa. Njia ni fupi." Akachora ya kwake. Wakabishana pale, kaka na dada, vichwa vikikaribiana, na mimi moyoni nikaanza tena kuhesabu wageni wa harusi.

"Rudi, kaka," mpwa wangu akasema. "Bosi mwenyewe amenituma. Na mimi naomba."

Ngoja akaegemea kiti chake. "Siku ile nilijua ni wewe uliyeiweka ile amri. Nilikuwa pembeni yako."

"Najua."

"Si kwamba nilitaka ubebe lawama. Nilikungoja tu useme." Akatabasamu kidogo. "Nilikungoja mpaka mlangoni, dada."

Kengele ikalia. Akasimama, akasema darasa linamsubiri, akanishika mkono kwa mikono miwili, na mpwa wangu akapewa mkono wa kawaida. Akatoka. Kikombe chake kilikuwa nusu.

Tulikaa. Nilisimulia mambo mawili matatu ya mafriji, hakuna aliyenisikiliza. Nikaona ni adabu tusiache vyombo, nikanyoosha mkono nikusanye.

"Acha, mjomba," akasema. "Hicho acha. Hajamaliza."

Nikaacha. Chai ikafanya utando. Kule madarasani viti vikaburutwa, watu wakatoka wakiongea, kelele zikapungua. Mama mmoja akaingia na sinia, mhudumu wa pale, anakusanya vikombe. Alipofika kwa kile, mpwa wangu alikifunika kwa kiganja.

"Mwenyewe anarudi," akamwambia.

Yule mama akatutazama, kwanza mimi, kisha yeye. "Mwalimu?" akasema kwa upole. "Mwalimu ameshakwenda nyumbani, binti yangu. Huwa anapitia mlango wa nyuma."

Alisimama akisubiri na sinia lake. Ilichukua muda. Kisha mpwa wangu akaondoa mkono.