Mwaka Niliofuga Nywele

Nywele zangu ni nyepesi. Sisemi laini kwa maana ile ya kusifiwa. Ukizishika ni kama umeshika pamba iliyobaki ndani ya mto uliochakaa, na ukizivuta kidogo tu zinabaki mkononi mwako. Mama hupenda kusimulia kwamba siku niliyozaliwa, mkunga alipouona utosi wangu alidhani ni goti.

Utotoni haikuwa shida. Shuleni sote tulinyolewa, wasichana kwa wavulana, na kichwa changu hakikuwa na tofauti na vichwa vya wenzangu pale Karatu. Shida ilianza nilipomaliza kidato cha nne. Wenzangu waliacha kunyoa, na baada ya muda mfupi kila mmoja alikuwa amebeba kichaka. Zangu zilikua mpaka zikagusa masikio, zikasimama hapo kama ng'ombe aliyefika mtoni akakataa kuvuka. Si kwamba hazikukua. Zilikua juu na kukatika chini, siku zote. Nilizikuta kwenye kola, kwenye mto, kwenye sabuni. Kaka yangu mdogo aliwahi kuukuta unywele mmoja ndani ya ugali, akauinua juu mwangani ili familia nzima ione.

Nilijaribu saluni. Msusi wangu ana chumba nyuma ya soko, ni mama mmoja mnene mwenye mikono mikali, na amewasuka nusu ya wanawake wa mji ule. Alinisuka rasta, na nilipozifumua zikaondoka na nywele zote za kwenye paji la uso. Alinitazama kwenye kioo kwa huruma kabisa, akasema, "Dada, mimi nasuka nywele. Hizi zako bado ni wazo."

Basi nikahamia kwenye wigi. Wigi lilinifaa mpaka siku ya send-off ya binamu yangu. Muziki ulipokolea nilicheza kwa moyo wote, na wigi nalo likacheza kwa moyo wote, ila kwa mwelekeo wake. Wimbo ulipokwisha, ile sehemu ya kufunika paji la uso ilikuwa kisogoni, na mimi nilikuwa natazama dunia kupitia nywele za nyuma. Video ipo. Huwa inaoneshwa kila Krismasi.

Kwa hiyo kaka yangu huyo mdogo alipotangaza kwamba ataoa mwakani, na mama akaanza kuulizia bei ya wigi zuri Arusha, nilisema hapana. Niliapa mbele ya familia kwamba kwenye harusi hiyo nitakwenda na nywele zangu mwenyewe, na zitafika begani. Baba alikohoa. Kaka akasema basi bora waisogeze harusi mbele.

Nilianza kazi kwa bidii ambayo sijawahi kuionesha kwenye jambo lingine lolote. Nilitupa kile kitana chenye meno ya karibukaribu, nikanunua chenye meno mapana. Nilisoma kwenye simu kwamba mto wa kitambaa cha kawaida unakausha nywele na kuzikata, nikachukua shumizi ya mama ya satini iliyokaa kabatini tangu harusi yake, nikashona foronya. Mama alipoitafuta shumizi yake nikamwonesha kitandani kwangu. Akauliza kama kuna nguo yake nyingine ambayo kichwa changu kingependa kuilalia.

Nilipaka maji ya mchele. Nilipaka uwatu. Nilipaka mafuta ya nyonyo mpaka nzi wakawa wanateleza. Halafu mtu mmoja mtandaoni akasema hakuna kama maji ya kitunguu, na Karatu vitunguu si jambo la kutafuta.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika loji moja mjini. Wageni walifika wamechoka na vumbi la bondeni, wakasimama mbele yangu kujiandikisha, na karibu kila mmoja akauliza chakula cha mchana kiko tayari saa ngapi. Mzee mmoja wa Kijerumani alinusa hewa kwa furaha, akauliza kama ni supu. Nilimwambia ndiyo, kisha nikakimbilia jikoni kumwomba mpishi atengeneze supu ya vitunguu.

Baada ya muda si mrefu bosi alinihamishia kwenye kambi yao nyingine iliyoko Engaresero, kule chini karibu na ziwa la magadi. Alisema ni kwa sababu naijua kazi. Wenzangu walisema ni kwa sababu ya vitunguu.

Mtu akitaka kufuga nywele dhaifu, Engaresero si mahali ambapo angepachagua. Jua linachoma, upepo unabeba vumbi lenye magadi, na kila kitu kinakauka, kuanzia midomo mpaka mkate. Siku za mwanzo nilizikusanya nywele zangu kwenye kitana kila asubuhi na kuzitazama kama mtu anayetazama maiti. Mwishowe nilikata shauri kuziacha kabisa. Nilizisuka mabutu machache, nikayafunga kwa kitambaa cha satini, nikawa nazilowesha kwa maji na kuzipaka mafuta ya nazi kidogo, na sikuzichana mpaka nizifumue.

Langoni pa kambi alikaa bibi mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiwauzia wageni shanga. Nilimwita koko, maana alikuwa rika la bibi yangu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, kinang'aa kwa mafuta, na alikuwa mwanamke mzuri ajabu. Siku moja kitambaa changu kilipeperushwa na upepo akayaona yale mabutu yangu, yamesimama kama vipini vya vijiko. Akauliza ni ugonjwa gani. Nikamwambia si ugonjwa, koko, nafuga nywele.

Kiswahili chake alikipata mnadani, na neno kufuga alilijua vizuri sana. Maisha yake yote alikuwa amefuga ng'ombe, mbuzi na punda. Alilipokea jibu langu kwa uzito wote. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alinisalimia "Takwenya," nami nikaitikia "Iko," akauliza habari za wazazi, habari za usingizi, kisha bila kubadilisha sauti akauliza habari za nywele. Hazijambo? Zimekunywa maji? Zimeongezeka? Mwanzoni nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nilipomwambia siku moja kwamba zimekatika tena upande wa kisogo, alisikitika, akataka kujua kama kuna kitu kinazila usiku.

Akanipa na ushauri. "Mfugo usioongezeka," alisema, "mtu huuza, akanunua mbuzi."

Lakini ziliongezeka. Sikuamini. Mvua zilikuja zikaenda, na siku moja nilipofumua butu la upande wa kushoto na kulivuta taratibu, ncha ilinigusa begani. Nililivuta la kulia, nalo likafika. Nilitoka nje ya chumba cha wafanyakazi bila viatu, nikamwonesha koko. Alisimama, akazishika kwa vidole viwili, akatema mate kidogo kunibariki. Harusi ilikuwa karibu. Nilimpigia mama nikamwambia aache habari za wigi. Mama alisema ataamini akiona.

Yaliyofuata yalitokea mchana mmoja ambao hatukuwa na wageni. Nilikuwa nimeosha nywele, nikazipaka uwatu na mafuta ya nazi, nikazisuka mabutu mawili makubwa na kuziacha wazi zikauke. Joto lilikuwa kali. Nilitandika mkeka kwenye kivuli cha banda la kulia chakula, nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua. Niliota nasukwa. Ilikuwa ndoto nzuri, mtu ananivuta polepole na kwa adabu, na pumzi yake inanukia majani.

Nilipofumbua macho, mbuzi wa kahawia alikuwa amesimama kichwani pangu, na butu langu la kushoto lilikuwa kinywani mwake. Alikuwa anatafuna bila haraka. Niliruka. Naye akaruka. Mimi nilivuta, yeye akavuta, na yeyote anayezijua nywele zangu anajua nani alishinda. Mpishi alikuja mbio ameshika mwiko, akamkuta mbuzi anameza.

Mbuzi alikuwa wa koko. Koko aliitwa kutoka langoni, akaja, akamfungua yule mnyama kinywa kwa mikono yote miwili na kuchungulia ndani kwa muda mrefu. "Zimekwenda," akasema. Kisha akaketi karibu nami mkekani. Mimi nililia kweli, naona aibu kuandika, nililia kama mtoto, na mpishi hakujua aangalie wapi. Koko hakucheka. Alinipa pole kama anavyopewa pole mtu aliyefiwa na ng'ombe, kwa sauti ya chini, akataja sifa za marehemu: kwamba lilikuwa limenenepa, kwamba lilikuwa lina mafuta, kwamba hilo la kushoto ndilo lililokuwa zuri zaidi.

Asubuhi yake alikuja na yule mbuzi amefungwa kamba, akanikabidhi. Nilikataa. Akanieleza kwa subira kwamba mnyama akila cha mtu, mwenye mnyama hulipa, na kwamba hilo halina mjadala.

"Nywele zako zimo humu," alisema, akimpigapiga mbuzi tumboni. "Nikikaa naye nitakuwa nimekuibia."

Ndivyo nilivyorudi Karatu kwa ajili ya harusi ya kaka yangu, ndani ya gari la kambi, pamoja na mizigo, mitungi mitupu ya gesi na mbuzi. Njia nzima alikuwa ananitazama kichwani.

Mama alifurahi sana kumwona mbuzi. Halafu akanifungua kitambaa. Upande wa kulia ulifika begani kama nilivyoahidi. Upande wa kushoto ulikomea sikioni. Aliuliza zingine ziko wapi, nikamwonesha mbuzi kwa kidole. Mama alikaa chini kwenye ndoo iliyokuwa imegeuzwa, akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Alipopata pumzi alisema mbuzi ataingia kwenye pilau ya harusi. Nikamwambia mimi sitaweza kuila pilau hiyo. Tulibishana, na mwisho tukakubaliana mbuzi awe zawadi kwa maharusi, na asiambiwe mtu historia yake.

Siku ya harusi nilikwenda kwa yule msusi wa nyuma ya soko. Siku iliyotangulia alikuwa amenisuka nywele za uzi ili zinyooke, na sasa alizifumua. Alishangaa kwa dhati, akaita wasichana wake waje kuona kule kulia. Akashauri akate ili pande zote zilingane. Nilimshika mkono. Nisingeweza kukata, hata kwa upana wa kidole kimoja, kitu nilichokuwa nimekilea hivyo. Basi akazigawa kwa chini kabisa juu ya sikio la kushoto, akazilaza zote upande wa kulia, akabana.

Nilijitazama. Niligeuza kichwa, nazo zikageuka baada yangu, kwa kuchelewa kidogo, kama vile zinavyogeuka za watu wengine. Sikuwahi kulijua jambo hilo. Kanisani niligeuza kichwa kuliko ilivyohitajika. Niligeuka kumtazama bibi harusi akiingia, nikageuka kuona kama ameshafika, nikageuka kuona nani amekaa nyuma. Mtu aliyekuwa kiti cha nyuma aliniuliza kama shingo inaniuma.

Tulipotoka nje, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, na manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale mepesi ambayo mtu wa Karatu hata hafungui mwavuli. Nilikuwa nacheka na kurusha maua. Sikuwaza chochote. Nilipopitisha mkono kichwani kuondoa ua, mkono haukukuta kitu begani. Haukukuta kitu shingoni pia. Nywele zote zilikuwa zimejikunja kwa unyevu na kupanda juu, za kulia kwa za kushoto, zikatulia kuzunguka masikio, zimelingana vizuri kabisa.

Mama mkubwa alikuwa ametoka Kansay asubuhi ile, na hatukuwa tumeonana muda mrefu. Alinikumbatia, akanirudisha nyuma kidogo anitazame, uso wake ukabadilika. Akauliza kwa upole kwa nini nimenyoa kwenye harusi ya mdogo wangu kama mtu aliye na msiba.

Nilitaka kumweleza habari za shumizi, na vitunguu, na Engaresero. Badala yake nilishika kishungi kimoja upande wa kulia nikakivuta mpaka begani, nikakiachia. Kikarudi sikioni. Mama mkubwa aliduwaa. Akakivuta yeye mwenyewe, akakiachia, kikarudi. Akamwita mdogo wake. Mama yangu naye akavuta, na alivuta mara nyingi kuliko wote. Wakaja shangazi wa upande wa bibi harusi, ambao hata hatukuwa tumetambulishana, wakapanga foleni kwenye manyunyu wakisubiri zamu zao. Na mimi niliyezikataza nywele zile kuguswa hata na mkono wangu mwenyewe, nilisimama pale nikawapa kichwa.

Mpiga picha alikuja kutuita, maana maharusi walikuwa wanangoja. Mama mkubwa alimwambia asubiri kwanza, apige hii. Picha imo kwenye albamu ya kaka: mkono wa mama mkubwa umenyoosha kishungi changu mpaka begani, ameshikilia kwa nguvu kama anapima kitambaa, na mimi nimefumba macho nacheka.